Naomba ushauri: Bordeaux mpaka Bilbao na mama, treni au gari?

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mwezi wa 9 mama anakuja kunitembelea huku Ufaransa, tuna siku 8, nataka tuanzie Bordeaux tupite Bayonne na San Sebastián tumalizie Bilbao kule Hispania. Shida ni magoti yake, ngazi tatu tu keshashika ukuta anapumua kwanza. Treni niliyoona inaishia Hendaye pale mpakani, mnashusha mabegi mnahamia Euskotren, treni ya upande wa Hispania. San Sebastián kwenda Bilbao naona bora basi, Euskotren inakula kama masaa mawili na nusu. Gari nimeulizia, ukichukulia Ufaransa ukarudishia Hispania wanaongeza hela ndefu mno. Aliyewahi kupita na mzazi anisaidie, pale Hendaye kuhama treni kuna ngazi nyingi? Na Bayonne tulale au mchana mmoja unatosha?