Wakuu nisaidieni, muvi gani ya sayansi nianze nayo kwenye banda langu la Morogoro?

MwanaMjiMpya:
Habari za usiku wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu maana nimekwama na usingizi sipati, leo siku ya nne. Nafungua banda la video huku Kihonda, viti vipo, projekta ipo, kitambaa cha ukutani kipo, Jumamosi ndo nataka kuanza. Sasa mimi sitaki banda kama yale mengine, komandoo mmoja anamaliza jeshi zima halafu watu wanaenda kulala. Nataka niweke muvi za sayansi, za maroboti, za anga za mbali, za mtu kutoka siku zijazo anarudi nyuma, na nitafsiri mwenyewe laivu kwa maiki. Kila ninayemshirikisha ananiambia mtaani hawataki sayansi, wanataka ngumi.

Mimi nakataa. Mtaani sayansi ilishapendwa zamani sema hatukuiita hivyo. Terminator ya pili si sayansi ile? Mimi niliiona 1989 niko darasa la tatu, banda la Mji Mpya, kanda ya VHS, jenereta linanguruma nje, yule askari wa zebaki akapita katikati ya nondo, mwili ukafunguka ukafungana tena ila bastola ikagonga chuma ikakwama, banda zima kimya. Mzee mmoja nyuma akasema "hilo ni jini, limejigeuza", na sisi watoto tukaelewa muvi yote kwa neno hilo moja. Kwahiyo watu kuelewa wanaelewa, tatizo watafsiri wakifika kwenye maelezo wanaruka wanasubiri bunduki ilie. Kwenye Matrix mtu anaambiwa dunia yote unayoiona ni ndoto, mashine ndo zinakuotesha, hapo ndo kwenye utamu wenyewe, mtafsiri anakwambia "hapa wanapiga stori zao tusubiri kidogo". Inaniuma sana.

Swali langu: nianze na Terminator 2, Matrix au Star Trek? Na kiingilio mia tatu au mia tano?

Kipara_wa_Scofield:
Mkuu achana na maroboti, weka season. Weka ile inaitwa 24. Msimu mmoja vipande 24, kila kipande saa moja ya siku hiyohiyo, saa inahesabu pale kwenye kioo, mtu akiona cha kwanza kesho lazima arudi na keshokutwa lazima arudi, hiyo ndo biashara. Au Prison Break, jamaa kachora ramani ya jela nzima mwilini. Ilipoingia kwetu mtaani vijana wote walinyoa kama Scofield, mpaka kinyozi alikuwa haulizi tena unanyoa nini, ukikaa tu anaanza. Muvi ya singo mtu anaangalia mara moja kakuacha.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Mwanangu mimi nakwambia kama mzazi. Hayo mabanda ndo yanayotutorosha watoto shule, unamtuma dukani saa kumi anarudi saa mbili usiku hana chenji wala sukari. Kama unafungua fungua, lakini andika mlangoni kwa maandishi makubwa, mwenye yunifomu haingii. Na saa tatu usiku funga.

Nyota_ya_Nakuru:
Niko Kenya. Hapa kwetu DJ Afro, yule wa kutafsiri muvi, ametuzoesha vizuri, mtu anaangalia hata muvi ya Kichina yenye hajui neno moja na anacheka mwanzo mpaka mwisho, so usiogope kutafsiri. Lakini mbona orodha yako yote ni ya Wazungu? Storm wa X-Men, yule wa kuita radi na mvua, kwenye komiki mamake ni Mkenya na yeye mwenyewe amekulia Cairo kisha akaishi Kenya, walimwanzisha 1975, ukisema hivyo kwa maiki watu watakaa wima. Halafu kuna Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009, sayansi fiksheni ya kwetu kabisa, ni kama dakika 20 tu. Maji yameisha duniani, watu wanaishi ndani wamefungiwa, mpaka jasho lao wanalisafisha wanalinywa tena, kisha msichana mmoja anapata udongo wenye unaotesha mbegu. Mtu wa kuchota maji na jerikani haitaji kuelezewa hiyo. Anza na hiyo kabla ya kubwa.

Mjukuu_wa_Darajani:
Hapo kwenye kanda na jenereta nimecheka kidogo. Nyie wa bara ITV imewafikia 1994, sisi Unguja tuna televisheni ya rangi tangu 1973. Babu yangu alikuwa anatuwekea mkeka nje, jirani nao wanaleta mkeka wao, hakuna kiingilio, chai ya tangawizi inazunguka. Mpaka leo mimi sinema ya ndani ya chumba cha bati siiwezi, nakosa pumzi. Mkuu weka feni.

Fundi_Maiko:
Samahani mleta mada, hujasema. Hilo banda ni lako au umepanga, na mtaji umetoa wapi? Nauliza kwa sababu niliwahi kuwa na banda miaka minne.

MwanaMjiMpya:
Mtaji upo mkuu, hilo la pembeni. Nyota wa Nakuru ahsante sana, Pumzi naitafuta kuanzia leo na nitauliza ruhusa yake inapatikanaje.

Ngoja niwaambie kwanini Star Trek imo. 1966 Wamarekani wameanza kuionyesha kwenye TV, ndani ya chombo cha angani yupo dada mweusi, ofisa wa mawasiliano, anaitwa Uhura, na jina hilo wamelitoa kwenye neno letu, uhuru. Na kwenye kipande cha kwanza kabisa kurushwa hewani kuna kiumbe kinachojigeuza, kikamjia huyo dada kwa sura ya mwanaume mweusi kikamsemesha Kiswahili. Kiswahili wakuu! Tanganyika ina miaka mitano tu ya uhuru, mtu Marekani kakaa kuandika siku za mbele kaona na lugha yetu itakuwepo huko kwenye nyota. Baadaye yule mama aliyeigiza, Nichelle Nichols, alitaka kuacha, na mwenyewe alisimulia kwamba Martin Luther King ndo alimwomba abaki. Mimi nikifikiria mtoto wa Kihonda kakaa kwenye kiti cha plastiki anasikia lugha ya bibi yake inatoka kwenye chombo cha angani, nasisimka mwili mzima. Kuna banda gani limewahi kumwambia hivyo?

Fundi_Maiko:
Nzuri sana, lakini hujanijibu. Mwenye mtaji wake analala usingizi.

Kipara_wa_Scofield:
Nimejongea kiti.

MwanaMjiMpya:
Sawa. Hela ni ya dada yangu. Yupo Muscat mwaka wa tatu sasa, ananitumia nimnunulie kiwanja, zilifika milioni nne. Nimetoa milioni moja na laki nane tu. Kodi miezi sita laki sita, projekta laki saba, spika na maiki laki tatu, viti na kitambaa laki mbili. Sijanywea pombe wala sijahonga. Milioni mbili na laki mbili ipo, haijaguswa.

Na hesabu nimepiga. Watu 60 kwa mia tatu ni elfu 18, muvi tatu kwa siku elfu 54, mwezi na siku chache hela yote imerudi. Yeye anarudi Desemba. Atakuta kiwanja na atakuta banda. Kwahiyo naomba tujibu swali la muvi.

Fundi_Maiko:
Banda halijai watu 60 mara tatu kwa siku. Mimi Jumatatu nilikuwa na watu saba, wanne nawafahamu hawalipi. Ukiweka muvi kuna umeme, kuna kijana wa mlangoni, na wikiendi mpira wa Uingereza unakubebea watu wote, labda na wewe ununue kisimbuzi. Piga hesabu ya watu 15. Na dada umemwambiaje kuhusu kiwanja?

MwanaMjiMpya:
Nimemwambia mwenyekiti wa mtaa bado hajagonga muhuri.

Mama_wa_Ruwi:
Nilikuwa napita tu nisome ya muvi lakini sasa nakaa. Mimi nipo Muscat mwaka wa nne, kazi za ndani. Napata riyali 80, kwetu ni kama laki tano. Kwahiyo wewe hiyo "laki nane tu" na milioni juu yake ni zaidi ya miezi mitatu ya mtu kuamka saa kumi alfajiri kwenye nyumba isiyo yake. Unajua tunafanya nini usiku? Tunaangalia picha za kiwanja. Mimi kaka yangu alinitumia picha ya msingi, nikaiweka kwenye simu, kila nikitukanwa naifungua naiangalia. Nilivyorudi likizo msingi ule ulikuwa wa jirani. Sisemi wewe ni mwizi. Nasema dada yako sasa hivi kuna kitu anakiangalia ambacho hakipo.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Yarabi toba. Mwanangu mwambie dada yako leo hii, usingoje Jumamosi.

MwanaMjiMpya:
Pole sana mama, kwakweli. Ila mimi picha sijamtumia ya uongo. Na dada ananijua, tangu mdogo napenda hivi vitu, nina daftari kumi na moja nimeandika tafsiri, Matrix nimeirudia mara sita mpaka nikapata maneno. Nikimwambia sasa hivi atasema rudisha hela, na projekta hairudishwi. Nikimwambia banda likiwa limejaa atanielewa.

Mpelelezi_Hewa:
Chai hii wakuu, tena ya maziwa. Terminator ya kwanza ni 1984 na haina askari wa zebaki. Ya pili imetoka 1991. Yeye kaiona 1989 Mji Mpya, au na yeye katumwa kutoka siku za mbele? Mtu anakosea mwaka wa muvi anayosema ndo imembadilisha maisha. Daftari kumi na moja, dada Oman, wadada wanalia hapa, kesho tutaletewa namba ya kumchangia. Nimeshaona nyuzi za hivi.

Kipara_wa_Scofield:
Daah kweli 1991. Mleta mada jitetee.

Mjukuu_wa_Darajani:
Mimi nilihisi toka kwenye jenereta.

MwanaMjiMpya:
Sitaki mchango wa mtu na sitatoa namba. Mwaka nimekosea, 1989 ni mwaka baba alihamishiwa Morogoro, kichwani kwangu kila kitu cha utoto naanzia hapo. Darasa la tatu nilisoma 1993, na kanda ilikuwa imeshachoka, kwenye yule askari kugandishwa na kuvunjika vipande ilikuwa na mistari meupe mpaka hatukuona vizuri, nilikuja kuona vizuri nikiwa mtu mzima.

Na kama unataka kujua nilivyoingia, mtoto wa miaka kumi usiku, nilipelekwa. Dada ndo alinipeleka, huyohuyo. Alikuwa anauza maandazi asubuhi, alitulipia wote wawili, mimi nikakaa mapajani kwake maana viti vilijaa, na yule roboti mzuri alipoomba ashushwe kwenye chuma kilichoyeyuka nililia, akanifuta kwa kanga akaniambia "amekufa ili yule mtoto abaki". Ndo tafsiri ya kwanza niliyoisikia maishani mwangu.

Mama_wa_Ruwi:
Na bado unamficha.

Mpelelezi_Hewa:
Sawa, mimi kwenye mwaka nimekuelewa. Samahani.

Mtu_wa_Kichangani:
Banda la Mji Mpya la jenereta lilikuwepo, mimi pia niliingia, lilikuwa na mlango wa gunia. Kingine ambacho hakuna aliyesema, kuonyesha filamu kwa kiingilio kuna kibali cha Bodi ya Filamu, na hakimiliki za watu zipo chini ya COSOTA, sheria ni ya 1999, kutafsiri kazi ya mtu bila ridhaa yake nako kumo. Ulivyosema utauliza ruhusa ya Pumzi ndo njia yenyewe, fanya hivyo na kwa nyingine. Nenda ofisini kaulize kabla hujaweka bango, wakija kuchukua projekta hiyo laki saba ya dada yako nayo imeondoka.

Nyota_ya_Nakuru:
Kwa jina la dada, mwambie. Alafu nijibu swali lako kwa vile hakuna mwenye amelijibu vizuri. Vibali vikikaa sawa anza na Terminator 2. Ina ngumi za kuwatuliza wale wa ngumi, na iko na mtoto na mama, kila mtu anajua habari ya mama. Matrix wiki ya tatu, wakiwa wamezoea sauti yako. Star Trek ngoja kabisa, maneno ni mengi. Na ni mia tatu, mia tano hapana.

MwanaMjiMpya:
Nimekaa nje tangu saa mbili nawasoma. Nimempigia sasa hivi, kwake saa sita usiku, hakupokea, nikamtumia sauti dakika nne, nimesema yote, muhuri wa mwenyekiti pia nimesema ni uongo. Ametia alama ya kusikiliza. Nasubiri.

Bi_Mkubwa_Tanga:
Subiri na maji ya kunywa. Usimpigie tena, muache.

MwanaMjiMpya:
Amejibu. Hajanitukana, ningependa angenitukana. Amesema kesho nitume risiti zote, ile milioni mbili na laki mbili niihamishie kwa mama asubuhi, na mkataba wa chumba uandikwe upya kwa jina lake, mimi niwe mtafsiri wa kulipwa kwa siku. Na Jumamosi hakuna kufungua mpaka kibali. Nimepekua, risiti ya spika siioni. Fundi Maiko, dukani wanaweza kunitolea nyingine?

Fundi_Maiko:
Wanatoa, nenda na namba iliyo nyuma ya spika. Nenda mapema, kabla hawajaanza kuhudumia watu.