Wakuu, sarufi yangu ya Kiswahili inaua kompyuta. Niendelee na GF au nihamie Python?

Kiambishi:
Habari za usiku wakuu. Nasoma uzamili, tasnifu yangu ni sarufi ya Kiswahili ndani ya Grammatical Framework (GF), ile lugha ya programu ya kuandikia sarufi. Unaandika muundo dhahania mara moja, kisha kila lugha inapewa kanuni zake, na sentensi ya Kiswahili inatoka kwa Kifini bila kupita Kiingereza. Tatizo ni vitenzi. Nikikompaili, yaani kuigeuza sarufi iwe programu, kompyuta yangu ya GB 8 inanguruma kama mashine ya kusaga, baadaye inaganda kabisa. Nakabidhi baada ya wiki mbili. Niendelee, au nianze upya na Python? Silali.

Mzee Kitoweo:
Kijana, ongeza memori. Mwanangu kompyuta ilimsumbua hivyohivyo na magemu yake, tukaongeza, hadi leo inadunda. Halafu kula vizuri, mtihani haupiti kwa chai ya rangi.

Ngalawa Kuu:
Kwani GF bado ipo? Toleo la 3.10 lilitoka 2018, 3.11 likaja 2021. Mimi niliwahi kupoteza mwaka mzima kwenye mfumo ambao wenyewe waliutelekeza, nikabaki nauliza maswali ukutani. Hamia Python.

Fundi Redio:
Ngalawa usimtishe mtoto wa watu. GF ilianza 1998 Grenoble, kwenye maabara ya Xerox, kazi ya Aarne Ranta, ikahamia Gothenburg. Maktaba yake ya sarufi ina lugha zaidi ya 30, Kiswahili kimo. Toleo likichelewa haina maana watu wamelala.

Kiambishi, kompyuta haina kosa. Piga hesabu: viambishi vya kiima 18, vya yambwa 18, njeo 8, kukubali na kukanusha. Hapo ni maumbo 5,184 kwa kitenzi kimoja, urejeshi bado. GF inayapanga yote kwenye jedwali wakati wa kukompaili. Usijenge neno zima humo. Acha vipande, vigandishwe mwishoni kwa alama ya BIND: `"a" ++ BIND ++ "na" ++ BIND ++ "soma"`. Weka faili la vitenzi hapa nikuoneshe pa kukata.

Kiambishi:
Asante sana mkuu. Faili siwezi kuliweka, ni mambo ya chuo. Ila hata ngeli zinanitesa. "Kifaru" nimemweka KI-VI, programu inatoa "kifaru kikubwa kimekuja".

Dada wa Moshi:
Hapo nina uchungu napo! Ukimhamishia A-WA tu, kifaru anapona, anakuwa "kifaru mkubwa amekuja". Lakini jaribu "rafiki". Tunasema "rafiki yangu mzuri amekuja". Kimilikishi kinafuata N, kivumishi na kitenzi vinafuata A-WA. Nomino hiyohiyo, sentensi moja, mabwana wawili. Kwa hiyo kila nomino ipewe sehemu mbili: ngeli ya umbo, na alama ya kiumbe hai. Kisha "mdogo wangu" naye anakuja na lake. Nilishinda na hilo wiki nzima, na siku lilipokubali nilimpigia mama simu.

Fundi Redio:
Dada kasema vizuri. Ila Kiambishi, nimekuuliza vitenzi umenijibu ngeli. Faili uliliandika wewe?

Kiambishi:
Nimelifanyia kazi miezi saba.

Fundi Redio:
Sijauliza muda.

Kiambishi:
Sawa, niseme. Alilianza kaka mmoja aliyenitangulia chuoni. Alinipa kwenye flashi akasema "endeleza". Zaidi ya nusu nimebadilisha. Mwezi uliopita nilifuta jina lake juu ya faili, nikaweka langu, nikampelekea msimamizi. Ndiyo maana nawaza Python: nikiandika upya, kitakuwa changu kweli. Na siuoni wizi hapo, yeye mwenyewe alisema niendeleze.

Msukuma Toroli:
Hii chai. Mtu ana wiki mbili, anataka kuandika upya sarufi nzima, faili haonyeshi, na maungamo yamekuja pale uzi ulipoanza kupoa. Kiambishi, umetunga.

Ngalawa Kuu:
Hata mimi nimeanza kunusa tangawizi.

Kiambishi:
Natunga ili nipate nini? Nimeandika `kiima + njeo + mzizi`, kompaila ikanikatalia kuunganisha kwa `+` maneno ambayo bado hayajajulikana. Nenda kajaribu uone kama nimeota.

Fundi Redio:
Kosa hilo ni la kweli, kila aliyeandika GF limemkeshesha. Toroli, mwache. Kiambishi, leseni za maktaba ile zinakuruhusu kubadili na kusambaza. Haziruhusu kufuta jina la aliyetangulia. Na jina la kaka yako kwenye faili lake nalo halifutwi, hata kama hakuandika leseni yoyote.

Mzee Kitoweo:
Nyumba yangu ipo juu ya msingi aliomwaga marehemu kaka. Kila mgeni namwambia. Sijapungukiwa chumba hata kimoja.

Kiambishi:
Shikamoo mzee. Nimewaza nimtaje kwenye shukrani.

Dada wa Moshi:
Kwenye shukrani unamtaja aliyekupikia ugali. Huyu kaandika vitenzi. Mstari wa kwanza wa faili, jina lake, mwaka wake, kisha lako. Na umwambie msimamizi kabla hajauliza.

Kiambishi:
Msimamizi ataniona mwongo.

Fundi Redio:
Labda. Mwambie kesho asubuhi. Jioni njoo na faili, Python iache. Kwa BIND, hiyo GB 8 itatosha.

Kiambishi:
Nimelirudisha jina lake sasa hivi. Barua pepe ya msimamizi nimeandika mistari miwili, nimekwama.

Dada wa Moshi:
Nitumie inboksi tuimalizie.