Ushauri: Nataka kufundisha na kufanya utafiti, nianze na MMed (uzamili wa ubingwa) au epidemiolojia?

Tabibu wa Ziwa

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni daktari (MD), nimemaliza intaniship, nimesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na nimeshathibitishwa kazini katika hospitali ya wilaya Kanda ya Ziwa. Nipo wodi ya wazazi.

Napenda kutibu, lakini moyo wangu uko zaidi kwenye kufundisha na kutafuta majibu. Kuna jambo haliniachi. Tunapokea akina mama wenye kifafa cha mimba waliohudhuria kliniki vizuri tu, ila ukifungua kadi unakuta presha imejazwa hudhurio moja, mengine wazi. Kwetu mama anaingizwa kwenye kitabu namba 12 cha MTUHA (mfumo wa kumbukumbu za huduma za afya), kile cha wanaojifungua, basi. Je, mashine haikuwepo, hakupimwa, au alipimwa haikuandikwa?

Wengine wananiambia nipige MMed ya wanawake na uzazi kwanza. Wengine wanasema nisome uzamili wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyotokea na kuenea katika jamii, niunganishe PhD. Nina mtoto mdogo, mume anafanya kazi Mwanza. Naombeni ushauri. Nawasilisha.

Doc Kibosho

MMed kwanza, dada. Ukitaka kufundisha madaktari kitandani kwa mgonjwa, lazima uwe bingwa. Nawafahamu wenye PhD nzuri kabisa za takwimu ambao wodini hawana nafasi tena, na wanaikumbuka.

Miaka mitatu au minne, kutegemea fani na chuo, si mingi. Na MMed ina tasnifu. Wengi huchagua mada nyepesi ili wahitimu, kisha kazi inalala kabatini. Wewe una swali tayari, ingia nalo.

Mtakwimu

Naheshimu maoni ya Doc, ila hajagusia muda. Anayesomea ubingwa analala zamu, anaingia chumba cha upasuaji, anafundisha wanafunzi wa MD, halafu saa nne usiku ndipo afungue data. Uingereza waliliona hili. Baada ya ripoti ya Walport ya 2005 wakaweka nafasi ambazo daktari anayesomea ubingwa anatengewa robo ya muda wake kwa utafiti, kwa miaka mitatu. Huku kwetu muda huo utautafuta mwenyewe.

Kwa hiyo jifunze mbinu za utafiti kabla hujaingia kwenye zamu hizo. Chuo cha udaktari cha KCMC Moshi kina uzamili wa epidemiolojia na takwimu. London School of Hygiene and Tropical Medicine wanafundisha epidemiolojia kwa masafa, unasoma ukiwa kazini. Kama ada ni kikwazo, anza na R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ni bure.

Mama Mhadhiri

Mwanangu, kabla ya kuchagua shahada, chagua watu utakaofanya nao kazi. Nimesimamia wanafunzi miaka mingi, na waliofika mbali ni wale waliokaa karibu na kundi la watafiti lenye kazi inayoendelea.

Pesa nazo hupitia huko huko. Ruzuku za mafunzo za Fogarty, kituo cha serikali ya Marekani cha utafiti wa afya wa kimataifa, hupewa taasisi, nayo ndiyo humpeleka mtu kusoma. Wenzetu wengi wa Muhimbili walipata PhD zao kwa ufadhili wa Sweden, wakigawa muda kati ya Dar es Salaam na chuo cha tiba cha Karolinska, Stockholm. CARTA, mpango wa kusomesha PhD watafiti wa Afrika unaoratibiwa kutoka Nairobi, unachukua wafanyakazi wa taasisi wanachama, taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara ikiwemo. Ukiwa mwombaji huru milango mingi hapo haikuhusu.

Na wewe una bahati: familia iko Mwanza. Bugando, hospitali ya rufaa yenye chuo cha udaktari hapo Mwanza, wana ushirikiano wa muda mrefu na Weill Cornell, chuo cha udaktari cha Marekani, na NIMR Mwanza, tawi la taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wapo pamoja na kitengo cha majaribio ya tiba cha MITU. Ningekuwa wewe ningeomba MMed pale, mbinu za utafiti nikazichota kwa hao majirani.

Ila mchunguze msimamizi kabla hujamkubali. Soma machapisho yake: jina la mwanafunzi linatangulia, au limezikwa katikati? Kisha watafute waliomaliza kwake, uwaulize sura ya tasnifu hukaa kwake muda gani kabla ya kurudi. Hili nalisisitiza kabisa, maana nimeona vijana wenye akili wakikata tamaa kwa kusubiri barua pepe.

Mzee wa Halmashauri

Naongezea la ofisini. Hakikisha jina lako linaingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri mapema. Barua ipitie kwa mganga mkuu wa wilaya iende kwa mkurugenzi. Ukiondoka bila ruhusa, mshahara utasimama, na ajira yenyewe inaweza kwenda.

Tabibu wa Ziwa

Asanteni sana, na shikamoo Mama. Barua naiandika wiki hii. Swali moja: naweza kuanza kukusanya zile kadi sasa, ili niende Bugando na kitu mkononi?

Mama Mhadhiri

Marahaba. Kama unaboresha huduma hapo wodini, zungumza na mganga mfawidhi na mratibu wa afya ya mama na mtoto, mkague kadi pamoja. Ukitaka kuchapisha, usiguse hata kadi moja kabla ya kibali cha maadili. Andika kurasa mbili: swali lako, kadi zipi, za kipindi gani, nani atazisoma. Nitumie inboksi nizipitie.