Naomba ushauri: skuta ya umeme ya mama, tairi 3 au 4?

Wakuu habari zenu, niko Kampala huku Makindye, mama yangu magoti yamechoka kabisa, kwenda kanisani kwa miguu hawezi tena na boda anaziogopa, sasa tunataka kumnunulia ile skuta ya umeme ya kukalia. Ya tairi 3 inakata kona vizuri hata ndani ya nyumba, lakini huku kwetu ni mlima na barabara ya udongo, mvua ikinyesha inabaki mitaro mitupu, naona ya tairi 4 ndo haitapinduka kirahisi. Ila nyingi tumbo liko chini sana, si itakwama kwenye mawe? Halafu betri, ya lithiamu ni nyepesi ila bei!! Mwenye mzazi anayetumia naomba aniambie inapandaje mlima.