Mafundi, acheni kutudanganya eti gari la zamani "lazima litoe jasho"

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo natapika nyongo kuhusu hicho mnachokiita jasho: injini kuvuja oili.

Mwaka jana nilinunua Corolla 110, injini 5A, kwa mtu hapa hapa Dar. Siku ya kuiangalia dalali alifungua boneti kwa mbwembwe zote: injini inang'aa kama sufuria ya bibi harusi, mpaka mipira inateleza kwa ile dawa ya kung'arishia. Nikaingia kichwa kichwa. Gari la miaka ya tisini injini inang'aa hivyo, na mimi na akili zangu sikujiuliza imeoshwa jana ili kuficha nini.

Wiki ya tatu nafungua boneti, upande mzima umelowa. Njia ya kwetu ni vumbi tupu, na vumbi likikutana na oili linageuka uji mweusi, unauparua kwa bisibisi. Nikisimama foleni ya Mwenge, harufu ya oili inayoungua kwenye ekzosi inaingia mpaka ndani ya gari.

Fundi wa kwanza: "Bosi, gari la zamani hili, lazima litoe jasho." Akatoa tyubu ya silikoni mfukoni, akapaka kuzunguka tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, kwa nje, kama anapaka siagi kwenye mkate. Elfu ishirini. Ikakaa siku nne.

Wa pili akaingia uvunguni, akakuta puli ya krenki, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, imelowa, akatoa hukumu: oili sili ya mbele, ule mpira wa duara unaozuia oili nyuma ya puli. Elfu themanini na tano, sili na ufundi. Mwezi haukuisha, pale pale pamelowa. Namrudia, ananiambia sili za siku hizi feki. Halafu lile plastiki la chini ya injini alilolifungua hakulirudisha, eti boliti zimepotea! Sasa mvua ikinyesha tope lote linarukia juu. Hivi nyie mna ugomvi gani na yale maplastiki? Kila gereji ninayopita yamerundikwa kwenye kona kama vyuma chakavu.

Wa tatu ni mzee mmoja wa chini ya mwembe, hana hata bango. Aliosha injini, akaikausha, akapuliza poda ya mtoto upande mzima, akaniambia nikazunguke nayo kidogo nirudi. Niliporudi, kwenye ile poda nyeupe mstari wa oili ulikuwa unaonekana wazi: unaanzia juu, kwenye kona ya tapeti kava, unateremka taratibu mpaka kwenye puli. Kumbe chini palikuwa panapokea tu! Oili inashuka, halafu puli na upepo wa mwendo vinaitawanya kila mahali.

Akafungua. Ile gasiketi ya mpira inayoziba kati ya kava na injini ilikuwa imekauka na moto wa miaka yote hiyo, anaikunja inakatika tap! kama biskuti. Kwenye mashimo ya plagi oili imejaa kama kisima, ndiyo maana asubuhi gari lilikuwa linakohoa na mimi nadhani tatizo ni petroli. Na ndani, vipande vya silikoni vinaning'inia pembeni. Mzee akasema hivyo vikidondoka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, vinakwenda kuziba chujio la pampu ya oili, hapo unaua injini nzima kwa ajili ya kazi ya elfu ishirini.

Halafu akachomoa kidude kidogo juu ya kava, kile cha kupumulia, valvu ya PCV. Akakitikisa sikioni kwangu. Kikiwa kizima kinalia chak chak. Changu kimya, masizi matupu. Injini yoyote, hata mpya, gesi kidogo inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka chini, na lazima itoke. Kidude hiki ndicho kinachoirudisha ikaungue. Kikiziba, presha inajaa ndani na kutafuta upenyo kwenye sili na gasiketi. Hata ukiweka sili ya dhahabu itasukumwa tu. Mafundi wawili, zaidi ya laki moja imenitoka, na hakuna aliyegusa kitu ninachoweza kukichomoa kwa mkono mwenyewe!

Sasa umri uko wapi hapo? Mpira unazeeka, sawa, nakubali. Lakini mpira unabadilishwa. Anayesema "jasho" hataki kufungua kava.

Na nyie wa kumwaga oili bila faneli, nusu ndani nusu kwenye injini, halafu mnafuta kwa tambara lililochafuka kuliko injini yenyewe, nanyi mmo.

Baada ya kazi ya mzee, tapeti kava sasa kavu, miezi miwili. Ila jana nimeona tone jipya kwenye puli. Mzee kachungulia, anasema yule wa pili alipoingiza sili aliikwaruza mdomo kwa bisibisi. Jumamosi inafunguliwa tena, elfu themanini nyingine. Na yule wa pili hapokei simu.