Eti "wewe baki na Excel"!! Mtu mzima ananiambia hivyo mbele ya wazee wa bao

Wakuu, yule jamaa mnamjua, yule wa Ngamiani anayetembea na Neovim, edita yake ya kodi, kama hirizi, leo kanivunjia heshima kijiwe kizima. Nilikuwa naseti Lean, ile lugha ya kuhakiki uthibitisho wa hisabati, kwenye edita. Elan, kisimamia matoleo yake, ipo, faili za Mathlib, maktaba yake ya hisabati, nimezishusha usiku zikiwa zimeshakompailiwa kwa amri ya lake exe cache get, GB za jasho langu, imebaki tu seva ya lugha iamke nione infoview, lile dirisha la hatua za uthibitisho. Kaja hajaitwa, kanisukuma kwa bega, kafuta folda ya .lake YOTE, ndimo faili hizo zilimokaa, kaandika lake build, amri ya kujenga mradi, halafu huku muuza kahawa anasikia, "wewe baki na Excel". Excel! Mimi!

Sasa Mathlib yote inajengwa toka mwanzo, feni inalia hadi wazee wameacha kete wananitazama, mwenyewe kapanda baiskeli kaenda zake. Wajukuu zangu wataikuta bado inakompaili. Kafuta, hajauliza, kisha Excel!!

kamba_raskazone: Pole mkuu. Ila Excel yenyewe unaijua? 😂😂

bi_mkora: Huyo huyo! Kwangu alipiga amri ya lake update, Mathlib ikapanda toleo, faili la lean-toolchain likataka toleo jingine la Lean, elan ikaanza kushusha upya. Bando la wiki kwisha habari.

pweza_mkavu: Mleta uzi zima hiyo build. Ulivyovishusha vipo bado kwenye ~/.cache/mathlib, kule hajagusa. Rudia lake exe cache get vitafunguka, kisha restati seva.

Mleta uzi: Nani kaomba tiba hapa? Nimesema KANIAMBIA EXCEL

kamba_raskazone: VLOOKUP ya Excel inakusalimia

shaha_wa_pili: Ndo maana mie nipo na Coq yangu, mwenzake Lean, sina presha.

pweza_mkavu: Inaitwa Rocq tangu 2025, ulikuwa umelala?

shaha_wa_pili: Nani kawatuma? Noti zangu zote nimeandika Coq, nizifute?

bi_mkora: Muulize wa Ngamiani, kufuta ndo fani yake

duka_mabawa: Kwa wanaolia laptop nzito, nauza RAM DDR4 GB 16, nipo Mabawa, njoo PM.

shaha_wa_pili: Bei?

duka_mabawa: Njoo PM mkuu

bi_mkora: Weka bei hadharani bwana, nyie ndo mnatuchosha humu