Umerithi bastola ya zamani ya kijeshi: ulijuaje kama ni ya asili na ina thamani gani? Tupeane uzoefu

Mrithi Mpya: Heshima zenu wakuu. Nimerithi Luger P08, bastola ya kijeshi ya Wajerumani, ya marehemu babu, pamoja na ala yake ya ngozi. Polisi wameshaarifiwa na vibali vinashughulikiwa, kwa hiyo tusirudi huko. Ninachoomba ni simulizi za waliopitia: mlitambuaje kama silaha ni ya asili au imeungwaungwa, na bei mliipataje? Huku kwetu kila mwanaukoo ana bei yake kichwani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuza kisu cha jikoni.

Kutu Tupu: Kabla ya bei, mtu anayeijua ameikagua kama haina risasi? Kwenye Luger kutoa magazini hakutoshi, risasi moja inaweza kubaki kwenye chemba. Juu kuna kipande kidogo kinachovuta ganda. Kikiinuka na neno GELADEN likaonekana ubavuni, imepakiwa. Lisipoonekana pia usiamini, ifunguliwe mtazame kwa macho.

Bisibisi: Mimi niliachiwa na mjomba Luger ya 1916 ya kiwanda cha DWM. Nilianzia kwenye namba. Namba kamili iko mbele ya fremu, kwenye mtutu na ubavuni kushoto, halafu tarakimu mbili za mwisho zinarudiwa kwenye vipande vidogo kama kifyatulio na bamba la ubavuni. Msisahau herufi iliyo chini ya namba. Kiwanda kilihesabu hadi 10,000, kikaanza upya kwa kuongeza a, kisha b, na kuendelea, na mwaka mpya hesabu ikarudi mwanzo. Kwa hiyo ukimtajia mtu namba bila herufi na mwaka, hujamwambia kitu.

Yangu ilikuwa 27 kila mahali isipokuwa kipande kimoja kidogo kilichokuwa na 81. Mthamini wa mnada akaniambia kipande hicho peke yake kimeshusha bei, ila afadhali hicho kuliko namba iliyopigwa upya ili ifanane. Akanionyesha silaha nyingine iliyofanyiwa hivyo: tarakimu zina umbo tofauti kidogo na zenzake, na chuma kimebonyea pale namba ya zamani iliposagwa. Ukimulika tochi kutoka pembeni unaona kabisa. Kwa taa ya juu ya meza nisingeona kitu.

Mtoto wa Tano: Walther P38 ya baba, nayo bastola ya Wajerumani, ilinifikia ikimeremeta. Ndugu yetu mmoja aliipeleka kwa fundi "aifufue". Kingo zilizotakiwa kuwa kali zimelainika, herufi za kiwanda zimefifia, na chini ya rangi mpya kuna vishimo vya kutu. Hivyo vishimo ndivyo vilivyotoboa siri. Kutu inakula chuma kuanzia juu, kwa hiyo ukikuta kishimo kimepakwa rangi ndani, rangi ilikuja baadaye. Wanunuzi wote walioiona walianza kwa kuisifu, kisha wakaigeuza kwenye mwanga, kisha wakataja bei ya chini sana. Mwenye silaha ya rangi iliyochakaa kwa matumizi, tafadhali aiache. Mafuta mepesi na kitambaa laini vinatosha. Msasa hapana!

Karakana: Naongezea kwa Mtoto wa Tano. Si kila rangi mpya ni ya fundi wa pembeni. Silaha nyingi za Wajerumani zilizotekwa na jeshi la Kisovieti zilipitia karakana zao baada ya vita: zikachovywa rangi upya, vipande vikachanganywa, na nyingi zikapigwa alama ya X. Ya kaka yangu ni ya aina hiyo. Bei yake haifiki ya ile ambayo haijaguswa, lakini mkusanyaji anajua anachonunua. Kuna mtu alimshauri aisage hiyo X. Sijui watu wanawaza nini.

Mstaafu: Kwangu ni Webley Mk VI, rivolva ya Waingereza iliyoanza kutumika 1915, ya risasi za .455. Zilipouzwa Marekani baadaye, nyingi zilichongwa nyuma ya silinda ili zimeze .45 ACP, risasi ya Kimarekani. Yangu imechongwa. Thamani ilishuka, na jambo kubwa zaidi ni usalama: .45 ACP ya kawaida ina shinikizo kubwa kuliko lile Webley ilitengenezewa kulihimili. Siifyatui. Inakaa kwenye kasha imefungwa.

Skrubu Moja: Mauser C96 zile za "9 nyekundu" ziangalieni kwa jicho kali. Mwaka 1916 jeshi la Ujerumani liliagiza 150,000 za risasi ya 9 mm, zikachongwa 9 kubwa kwenye mbao za mpini ili askari asichanganye na za 7.63. Sasa, mbao hizo zinashikwa na skrubu moja, na ndiyo pekee katika silaha nzima. Dakika moja zimebadilishwa. Mimi nilipoletewa moja nilipima mdomo wa mtutu kwanza, kisha nikatafuta mihuri ya kupokelewa jeshini. Ilikuwa 7.63. Muuzaji akasema ndiyo mara ya kwanza kusikia.

Gumegume: Yetu ilikuwa ya kulipuliwa kwa jiwe la cheche, imeandikwa TOWER na taji. Mtutu hauna hata tundu la kupitishia moto. Pambo la ukutani.

Mrithi Mpya: Asanteni. Nimeipitia kwa lenzi. Kila kipande nilichofikia ni 43, herufi d. Magazini ina 90 na alama ya +.

Bisibisi: Hiyo + ni magazini ya akiba. Bastola ilitoka na mbili zenye namba yake, ya pili ikawekwa +. Yako ni ya akiba ya silaha nyingine, zilichanganyikana huko njiani, kawaida sana. Iache hivyo hivyo, asije mtu akakupigia 43. Kwenye ala tafuta mhuri wa mtengenezaji na mwaka.

Mrithi Mpya: Ala 1916, juu ya chemba 1917.

Bisibisi: Mwaka mmoja hausumbui. Weka picha, na pande zote mbili, bila kuisafisha.